Jiwe la Mfukoni na Mlima Lilikotoka

Mkoani Geita jiwe lina safari zake. Hutoka duarani, yaani shimoni kwa wachimbaji, ndani ya mfuko wa suruali, hupita kijijini kwa wakwe, kisha hufika mjini kwa tajiri mwenye duka la vifaa vya ujenzi, likawekwa mezani kando ya simu na kitabu cha risiti. Ni jiwe jeupe lenye mistari ya kutu na nukta za njano zinazoonekana bila lenzi. Tajiri hulipima uzito kwa kiganja, huligeuza, hulitia mate ili nukta zikolee. Kabla ya jioni ameshaahidi pampu ya maji, magogo ya kuzuia kuta za duara na chakula cha vijana. Miezi inapita. Pampu imechakaa, magogo yameoza, na mawe yanayopandishwa kutoka chini hayafanani hata kidogo na lile la mezani.

Mtaani watasema tajiri katapeliwa. Mara nyingi hakuna aliyemtapeli. Jiwe lilikuwa la kweli na dhahabu yake ilikuwa ya kweli, ila lilichaguliwa. Mtu alikaa juu ya lundo la mawe mia, akaokota moja lililomvutia macho, tisini na tisa akayaacha yaliko. Kipimo chochote kitakachofanywa juu ya jiwe hilo, hata katika maabara bora kuliko zote, kitasema kweli kuhusu jiwe na uongo kuhusu mlima. Fedha nyingi za wachimbaji wadogo na wafadhili wao hupotea hapo, kabla sururu haijagusa ardhi, kati ya kuokota na kuponda.

Tuingie kwenye hesabu, maana bila hesabu mazungumzo ya dhahabu hugeuka hekaya. Utajiri wa mwamba hupimwa kwa gramu katika tani. Mwamba wenye gramu 5 kwa tani ni mwamba mzuri. Migodi mingi mikubwa ya wazi huishi kwa pungufu ya hapo. Lakini gramu 5 kwa tani ni sehemu tano katika milioni. Mfuko wa kilo 50 wa mawe hayo una robo gramu tu. Chukua kilo 2, kiasi ambacho mtu anaweza kukibeba mkononi: ndani yake mna miligramu 10 za dhahabu. Na kwa kuwa dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji, miligramu 10 zikikusanyika pamoja hufanya kipande kimoja chenye upana wa milimita moja hivi, kama punje ya ulezi.

Basi punje hiyo ikiwa imeangukia katika kilo 2 zako, una utajiri. Ikiwa imebaki kwenye jiwe la mwenzako aliyesimama pembeni yako, huna kitu. Mmechimba ukuta mmoja, siku moja, kwa tindo moja, na majibu yenu yanatofautiana mara kumi. Kisha mnagombana, mmoja akimshuku mwenzake kwamba ana siri. Mwamba wa dhahabu ndivyo ulivyo, hasa ile dhahabu ya punje kubwa zinazokaa mbali mbali ndani ya kwatzi, lile jiwe jeupe.

Dawa yake ni uvivu wa macho. Anayechukua sampuli vizuri hachagui. Akifika kwenye mshipa hukwangua mstari mmoja unaoukatiza kutoka ukuta hadi ukuta, kwa upana na kina kilekile, na kila kinachoanguka, kizuri na kibaya, hupokewa kwenye turubai safi iliyotandikwa chini. Kwatzi inaingia, udongo unaingia, jiwe jeusi lisilo na sura linaingia. Kuta za pembeni nazo huchukuliwa sampuli zake, kila moja na mfuko wake, kwa sababu siku ya kuchimba huwezi kuufuata mshipa wa sentimita 20 bila kubomoa na kuta. Hatua chache mbele anarudia. Kazi hii inachosha na haina msisimko, na ndiyo maana watu wengi huiruka.

Kwa jicho na mkono, vipimo vya awali vipo, na ni rahisi kuliko vinavyosimuliwa. Ulanga humetameta jua likiupiga na hufifia kivulini. Dhahabu ni njano ileile kwenye jua na kwenye kivuli. Pairaiti, ile dhahabu ya uongo iliyowavunja moyo watu wengi, ni ngumu kiasi cha kukwaruza kioo, na ukiigonga kwa nyundo hupasuka vipande. Dhahabu ni laini: sindano huiingia, na nyundo huifanya bapa. Pindua kigae cha sakafuni, usugue jiwe upande usio na rangi. Dhahabu huacha mstari wa njano, pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Kigae kilichovunjika hupatikana bure, na kingeokoa ugomvi mwingi.

Lakini vipimo hivyo vinahusu kile kinachoonekana, na dhahabu nyingi haionekani. Watangulizi wetu walikuta mambo mepesi zaidi. Kule Lupa, wilayani Chunya, dhahabu iliyovuta maelfu ya watu katika miaka ya 1930 ilikuwa kwa sehemu kubwa ya mchangani na ya mito. Mvua na mito ilikuwa imeshamaliza kuponda. Mtu alihitaji karai, maji na subira. Mchanga ulipoishiwa, ikabidi kuufuata mwamba wenyewe, na mwamba hautoi kitu bila kupondwa.

Kinu cha mchimbaji mdogo ni kipande cha bomba nene la chuma lililochomelewa kitako, na mchi wake ni chuma kizito cha kushika kwa mikono miwili. Katika machimbo mengi ya Geita, Kahama na Chunya kazi ya kuponda iko mikononi mwa wanawake. Wanakaa chini ya turubai au mti, jiwe kubwa likitumika kama fuawe, nyundo mkononi, wakilipwa kwa kipimo cha ndoo. Mama aliyezoea anajua mwamba kwa mlio: kwatzi kavu hulia na kupasuka, jiwe lililooza hunyamaza na kubomoka. Sijaona kitabu kinachofundisha hilo.

Kwa kupima, kuponda kuna masharti yake. Sampuli hupimwa uzito kwanza, la sivyo chochote kitakachoonekana kwenye karai hakina maana. Mdomo wa kinu hufunikwa kwa kitambaa, vipande visiruke. Unga hupitishwa kwenye chekecheke la nusu milimita au dogo zaidi, na visivyopita hurudi kinuni hadi vipite. Dhahabu haipondeki. Kila mchi unavyoshuka, jiwe linazidi kuwa unga na punje ya dhahabu inazidi kuwa bapa na pana, hadi inakataa kupita kwenye tundu. Anayetupa masalia ya chekecheke eti yameshindikana, anatupa kile alichokifuata.

Na unga ukiwa mwingi usichote juu. Kitu kizito hushuka chini ya lundo kila linapotikiswa, kwa hiyo kiganja cha juu huwa maskini kuliko lundo lenyewe. Changanya, lundika, sambaza kama duara, kata kwa alama ya msalaba, chukua robo mbili zinazotazamana, ziache nyingine mbili. Changanya tena, kata tena, hadi ubaki na kiasi unachotaka. Hakuna mashine inayohitajika.

Kuna jambo moja kuhusu kuponda ambalo halisemwi vya kutosha. Vumbi la kwatzi ni silika. Likiingia mapafuni halitoki, huyatia makovu polepole, na hufungua mlango kwa kifua kikuu. Wachimbaji wa dunia nzima wanaujua ugonjwa huo, hata pale wasipojua jina lake. Maji kidogo kinuni hupunguza vumbi kwa sehemu kubwa. Huyaoni maji hayo mara nyingi, kwa kuwa mawe yaliyolowa hushikana na kuchelewesha kazi inayolipwa kwa ndoo. Na watoto hukaa karibu na mama zao.

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, mawe ya dhahabu yalikuwa yanapelekwa nyumbani kupondwa na kusagwa yakiwa makavu, mengine kwenye mashine zilezile za kusagia nafaka. Mawe ya eneo hilo yalikuwa na risasi nyingi iliyochanganyika na dhahabu. Vumbi lilitua uani, kwenye vyombo, kwenye mikono ya watoto. Watoto wasiopungua 400 walikufa, na waliong'amua chanzo ni wafanyakazi wa afya na madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières. Walioyaponda mawe yale walikuwa wanatafuta dhahabu, si risasi.

Tukirudi kwenye karai: unga unaloweshwa, unatikiswa, unazungushwa, vyepesi vinakwenda na maji. Tone la sabuni husaidia, maana dhahabu ya punje ndogo sana huelea juu ya maji yenye mafuta ikapotea mbele ya macho yako. Mwishoni hubaki mchanga mweusi, ambao sehemu yake kubwa huvutwa na sumaku, hata ile iliyong'olewa kwenye spika mbovu. Sasa dondosha maji kidogo na kuinamisha karai: vyeusi vinatangulia, na nyuma yake, kama mwamba una kitu, hubaki mstari wa njano. Zebaki haina kazi hapa. Sampuli ya kilo chache haihitaji kukamatwa na zebaki wala kuchomwa, na zebaki huanza kuchemka kwenye nyuzi 357 tu, moshi wake ukiingia mapafuni mwa mchomaji. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, umewekwa kwa ajili ya balaa hilo.

Karai nalo lina mwisho wake, na wengi huugundua mwisho huo wakiwa wameshazama mita nyingi chini ya ardhi. Kwa muda mrefu sana hewa na maji ya mvua vimekuwa vikiozesha miamba iliyo karibu na uso wa nchi. Pairaiti ikioza huacha kutu na vitundu, na dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani yake hubaki huru. Ndiyo maana mzoefu hulipenda jiwe lenye vitundu vya kutu kuliko jeupe safi linalopendeza. Duara likivuka usawa wa maji, mwamba hubadilika: unakuwa wa kijivu, mgumu, umejaa pairaiti mbichi inayong'aa. Karai lililokuwa likionyesha mstari mnene sasa halionyeshi kitu. Husemwa dhahabu imehama, au imekasirika, na mganga huitwa. Mara nyingi dhahabu haijaenda popote. Imo ndani ya pairaiti, kwa punje ndogo kuliko uwezo wa jicho, na mchi wa kinu hauwezi kuifungua hata ukipigwa wiki nzima. Wapo wanaoukaanga unga juu ya bati ili salfa itoke. Ikipanda harufu kama ya kitunguu saumu, hiyo ni aseniki, na aliyeinama juu ya bati anavuta sumu.

Ndipo maabara inapohitajika. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ile GST ya Dodoma, inapima. Mwanza nako ziko maabara binafsi. Kinachofanyika humo ni kuponda kwingine, safari hii kwa nidhamu: jiwe huvunjwa kwa mashine hadi milimita mbili hivi, hugawanywa, kisha husagwa hadi sehemu kubwa ipite kwenye tundu la maikroni 75, yaani chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Gramu 30 au 50 za unga huo huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na, naam, unga wa ngano uleule wa chapati, ambao kaboni yake huigeuza oksidi kuwa risasi halisi. Mchanganyiko huingia tanurini kwenye nyuzi zaidi ya 1,000. Risasi ikishuka chini ya chombo huizoa dhahabu yote na fedha yote njiani. Kitonge cha risasi huhamishiwa kwenye kikombe chenye vinyweleo, kinachoinywa risasi, kikabakiza kishanga cha dhahabu na fedha. Asidi huondoa fedha. Kinachobaki hupimwa. Ni njia ya kale, na pamoja na mitambo yote ya leo bado ndiyo inayoaminiwa zaidi.

Hata hivyo, gramu 30 za mwamba wa gramu 5 kwa tani zina miligramu 0.15 za dhahabu. Punje moja bapa ikiingia au ikikosekana, jibu linayumba. Kwa mwamba wa punje kubwa ni heri kuomba kilo nzima ichekechwe, masalia ya juu yapimwe yote peke yake, na unga uliopita upimwe mara mbili. Mtafiti makini pia hupenyeza kati ya mifuko yake jiwe analojua halina kitu, bila kumwambia mtu. Likirudi na dhahabu, anajua mashine ya kusagia haikusafishwa.

Jambo hilohilo hutokea kwenye karasha, mashine za mtaani za kusagia mawe, tena zaidi. Dhahabu laini hujipaka kwenye mipira ya chuma na kujificha kwenye nyufa za sahani za ndani. Mfuko maskini ukifuata mfuko tajiri, huokota. Mfuko tajiri ukifuata mfuko maskini, huacha. Kwa hiyo anayetaka kujua ukweli wa mawe yake kwenye karasha huanza kwa kusaga mawe matupu na kuyamwaga. Mwenye karasha hatalipenda wazo hilo, kwa sababu muda wa mashine ni fedha, na kwa sababu kilichojificha ndani ni chake siku ya usafi.

Kuna na wanaokuja na bunduki ya eksirei. Inaelekezwa kwenye jiwe, namba zinajitokeza kwenye kioo, umati unashusha pumzi. Kifaa hicho ni kizuri sana kwa kupima usafi wa dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa, na katika masoko ya madini kina heshima yake. Lakini juu ya jiwe husoma ngozi tu, sehemu ndogo kama ukucha, na dhahabu ya gramu chache kwa tani iko chini ya uwezo wake. Madini mengine, aseniki mojawapo, yanaweza kuifanya iandike dhahabu ambayo haipo. Ukiona mtu anauza kiwanja cha dhahabu kwa bunduki hiyo peke yake, funga mkoba.

Ulaghai wa kukusudia nao upo, na ule mkubwa kuliko wote wa zama hizi ulijificha ndani ya kuponda. Kampuni ya Bre-X ya Calgary, Kanada, ilitangaza kwamba Busang, katika eneo la Kalimantan nchini Indonesia, kuna wakia zaidi ya milioni 70 za dhahabu. Hisa zake zikafikia thamani ya dola zaidi ya bilioni 6 za Kanada. Kwa desturi, mche wa mwamba unaotolewa na mtambo wa uchorongaji hupasuliwa katikati: nusu hupondwa na kupimwa, nusu hutunzwa ili mwenye shaka apime mwenyewe. Busang walikuwa wanaponda karibu mche wote. Hakukuwa na nusu ya kurudia. Machi 1997 kampuni ya Freeport-McMoRan ilichoronga mashimo yake pembeni ya yale ya awali na haikupata dhahabu ya maana. Mwezi huohuo mjiolojia wa Bre-X, Michael de Guzman, alianguka kutoka kwenye helikopta akafa. Mei, wakaguzi wa kampuni ya Strathcona walithibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Punje zake zilikuwa na umbo la dhahabu ya mtoni, iliyoviringika, wakati mwamba ulikuwa haujawahi kuona mto. Lenzi ya bei ndogo ingeweza kuanzisha swali hilo miaka kadhaa mapema.

Kwetu hila ni ndogo ndogo: vumbi la pete iliyopigwa tupa likidondoshwa kinuni, au ukucha uliofichwa dhahabu ukichovywa kwenye karai. Vumbi la tupa huonekana kwenye lenzi kama vipande vyembamba vilivyojikunja. Kinga yake ni kuponda mwenyewe mawe uliyoyatoa ukutani mwenyewe, na kubaki na nusu.

Kwa sheria, leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, haizidi hekta 10, na hudumu miaka 7. Ni muda wa kutosha kupima kiwanja kizima mstari kwa mstari kabla ya kuzamisha duara la kwanza. Karibu hakuna anayefanya hivyo. Sababu si ujinga. Anayekula kwa kilichopanda leo hana siku 20 za kukwangua kuta na kungoja barua kutoka Dodoma, na tajiri anayemlisha anataka kuona mifuko.

Wanaopima kwelikweli wako mwisho wa mnyororo. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, mchimbaji huondoka na kilichonaswa na magunia na zebaki, ambacho mara nyingi hakifiki nusu ya dhahabu iliyokuwamo. Mchanga uliobaki, marudio, kwa kawaida humbakia mwenye karasha. Mnunuzi wa marudio, mwenye matangi ya sayanaidi, hufika na bomba refu. Hulichoma lundo kutoka juu hadi chini, hatua kwa hatua, upande kwa upande, bila kutazama rangi ya mchanga. Kila tundu lina mfuko wake na namba yake. Anachanganya, anakata kwa msalaba, anapeleka maabara mafungu mawili ya lundo moja kwa namba tofauti, aone kama majibu yatalingana. Yakirudi, anakaa na mwenye karasha kuzungumza bei. Mchimbaji aliyeyapandisha mawe hayo kwa kamba hayupo kwenye kikao hicho, na mara nyingi hajawahi kuambiwa yalikuwa na gramu ngapi.